Kazi Moja Kila Siku, Siku 365. Utaweza?

Leo tunaanza na hesabu, lakini usiogope, ni ya darasa la nne. Chukua dakika 15, zidisha kwa siku 365. Umepata dakika 5,475, yaani saa 91 na robo. Hazifiki hata siku nne kamili, usiku na mchana. Sasa jiulize: mwaka jana saa zako 91 zilikwenda wapi? Kijiweni? Kwenye simu? Ukingoja daladala, au ukimngoja yule mtu aliyesema "nipo njiani" kumbe hata kuoga hajaoga?

Hatukusemi vibaya. Sehemu kubwa ya ujana ni kungoja. Unangoja matokeo, unangoja ajira, unangoja ada ipatikane, unangoja mgonjwa apone. Na kungoja kukizidi kunachosha akili kuliko jembe. Ukikaa muda mrefu bila jambo lako mwenyewe linalosogea mbele, hata kidogo, unaanza kujiona kama gari bovu: watu wanapita, wewe umeegeshwa.

Ndiyo maana safari hii tunataka kuzungumza nawe juu ya jambo moja la ajabu kidogo: kutengeneza kazi moja mpya ya sanaa kila siku kwa mwaka mzima. Mchoro mmoja. Au shairi moja, au picha moja ya simu, au ua moja la hina. Leo moja, kesho nyingine, mpaka mwaka uishe.

"Sasa hayo yanahusu nini afya?" Swali zuri. Tulia, tutafika.

Wenzako walioanza

Tarehe 1 Mei 2007, kijana wa Kimarekani aitwaye Mike Winkelmann alichukua kalamu na karatasi akamchora mjomba wake. Kazi yake ilikuwa ya kompyuta. Kuchora kwa mkono alikuwa hajui vizuri, na hicho ndicho alichotaka kujifunza. Alikuwa amesikia habari za Mwingereza mmoja, Tom Judd, aliyechora mchoro mmoja kwa siku kwa mwaka mzima, akasema na mimi nijaribu. Mwaka ukaisha, yeye hakuacha. Alipofikisha picha 5,000 aliziunganisha zote ziwe picha moja, na tarehe 11 Machi 2021 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 69.

Ngoja, ngoja! Usikimbilie dukani kununua penseli kwa sababu ya hizo dola. Picha 5,000 kwa moja kwa siku ni karibu miaka 14. Na mnada ule ulikuwa wa bahati na wa msimu wake, watu walikuwa wanamwaga fedha kwenye picha za kompyuta kuliko walivyowahi kufanya. Tumemtaja kwa jambo jingine kabisa: alianza ili ajifunze, na mwanzoni alikuwa hajui.

Mwingine ni mama mmoja mwandishi wa tamthilia, Suzan-Lori Parks, Mmarekani mweusi. Mwaka 2002 alipata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa sana ya waandishi kule kwao, na alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuipata kwa tamthilia. Mtu mwingine angekaa chini apumzike na sifa zake. Yeye tarehe 13 Novemba mwaka huohuo akaanza kuandika mchezo mmoja wa kuigiza kila siku. Alikuwa mtu wa safari, kwa hiyo aliandika popote siku ilipomkuta. Mingine ni mifupi kiasi kwamba ukipiga chafya umeshaipita. Lakini mwaka ulipokwisha alikuwa na michezo 365, na kuanzia Novemba 2006 mpaka Novemba 2007 vikundi zaidi ya 700 viligawana kuiigiza yote, wiki hadi wiki.

Halafu kuna Mjapani aliyeishi New York, On Kawara. Huyu tarehe 4 Januari 1966 alianza kupaka rangi ubao wa kitambaa na kuandika juu yake kitu kimoja tu: tarehe ya siku hiyo. Basi. Hakuna mti, hakuna mtu. Sheria yake ilikuwa kali: picha isipokwisha kabla ya saa sita usiku, inaharibiwa. Alifanya hivyo mpaka karibu na kifo chake mwaka 2014, akaacha picha kama 3,000.

Sasa tumia ile hesabu yako. Miaka 48 ina siku zaidi ya 17,000. Picha ni 3,000. Unaona? Mtu anayetajwa duniani kote kwa sanaa ya siku, siku nyingi hakupaka kitu. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

"Lakini mimi sijui kuchora!"

Tunajua ungelisema hilo. Shuleni walikuwepo wawili au watatu waliojua kuchora, nao ndio walioitwa kuchora moyo na figo ubaoni kipindi cha baiolojia, sisi wengine tukaambiwa tunakili. Tangu hapo tumejiweka kwenye kundi la "wasiojua".

Sikia basi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Waliwakalisha watu wazima 39, wakawapa kalamu za rangi, udongo na karatasi za kubandika, wakawaambia tengenezeni mnachotaka kwa dakika 45. Kabla na baada, walipima mate yao ili kuona kiasi cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa zaidi mtu anapokuwa na wasiwasi na msongo. Kwa watu kama watatu katika kila wanne, homoni ile ilikuwa imeshuka. Na wale waliozoea sanaa na wale ambao hawakuwahi kushika brashi hawakutofautiana.

Tukuambie ukweli wote: watu 39 ni wachache, na hakukuwa na kundi jingine lililokaa tu bila kufanya kitu ili walinganishwe. Kwa hiyo usiende kutangaza mtaani kwamba kuchora kunatibu. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, na ripoti hiyo ikaona kwamba sanaa ina nafasi yake katika kuzuia baadhi ya matatizo na katika kumsaidia mgonjwa akiwa anatibiwa. Akiwa anatibiwa, tumesema. Malaria haiondoki kwa penseli.

Kwa nini iwe kila siku, isiwe ukijisikia? Kwa sababu "nikijisikia" ni bwana mgumu. Ukimngoja yeye, utachora mara nne kwa mwaka, na kila mara utataka mchoro uwe mzuri kufidia siku zote ulizokaa bure. Mchoro wa hivyo unabeba mzigo mzito kabla haujazaliwa. Sheria ya kila siku inakuondolea kesi hiyo. Leo imetoka mbaya? Haya, kesho ipo nyingine. Swali la "ni nzuri?" linakosa nguvu, linabaki swali la "imefanyika?" tu, na hilo hata mtu aliyechoka anaweza kulijibu.

Kuna jambo jingine ambalo hutaliona mpaka ulifikie. Wiki mbili za kwanza ni tamu. Unachora kikombe, kiatu, mwembe, mkono wako wa kushoto, paka wa jirani. Unajiona fundi. Kwenye wiki ya tatu hivi, vitu vinaisha! Unakaa na daftari unatazama chumba kilekile, kitanda kilekile, ndoo ileile. Hapo wengi ndipo wanapoacha, wanasema "sina kipaji, mawazo yameniishia."

Usiache hapo, kwa sababu mambo ndiyo kwanza yanaanza. Sasa huna la kuchora ila ile ndoo, basi unaitazama ile ndoo. Unaona kumbe ina pete tatu, siyo mbili. Unaona maji yakiwa nusu yanafanya kivuli cha mviringo kingine ndani yake. Unaona mshikio umefungwa waya, na unakumbuka nani aliufunga. Ndoo umeishi nayo miaka sita hujawahi kuiona! Kesho yake unatoka nje unaanza kuona mikono ya makondakta, vidole vya mama muuza vitumbua, jinsi wazee wanavyokaa tofauti na vijana. Macho yamefunguka. Akili iliyokuwa inazunguka palepale kwenye shida moja, usiku na mchana, imepata pa kwenda kutembea kidogo.

Siku yenyewe ikiwa mbaya

Kule Marekani alikuwepo mpiga picha aitwaye Jamie Livingston. Tarehe 31 Machi 1979, akiwa mwanafunzi wa chuo, alipiga picha kwa kamera ya Polaroid, zile kamera zinazotema picha papo hapo. Hakupanga kitu. Baada ya wiki chache akagundua kwamba amekuwa akipiga kama picha moja kila siku, ndipo akaamua iwe sheria: picha moja, siku moja, hakuna kurudia. Ikitoka mbaya, ndiyo ya leo.

Alifanya hivyo miaka 18. Picha zake ukizitazama nyingi ni za mambo ya kawaida mno: rafiki anakula, mtaa wa jioni, yeye na miwani yake. Mwaka 1997 akaugua saratani, ikafika kwenye ubongo. Picha zinaendelea. Kuna za hospitali. Kuna ya kichwa chenye mshono. Kuna za harusi yake, aliyofunga wiki chache kabla ya mwisho. Tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41, alifariki. Rafiki zake walizikusanya zile picha, zaidi ya 6,500, na mwaka 2007 wakazitundika zote kwenye chuo alichosoma.

Mimi ninayekuandikia sikujua habari za mtu huyu wakati nilipojaribu mambo haya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Nikaanza tarehe 1 Januari, kama kawaida ya watu. Siku ya 19 malaria ikanilaza. Niliporudi kwenye daftari nikakuta kurasa tatu tupu, nikaona aibu kama vile kuna mwalimu atakuja kukagua. Nikalifunga. Daftari likawa la kuandikia madeni ya genge la mama.

Mara ya pili nilianza Agosti, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Nikaenda vizuri mpaka ukurasa wa 140 na kitu. Hapo mama akalazwa.

Wewe uliyewahi kukaa na mgonjwa wodini unajua: kuna saa za kukimbia na kuna saa za kukaa tu. Zile za kukaa ndizo mbaya. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa rambo pamoja na bakuli na kanga. Nikalitoa. Nichore nini? Pale mbele kwenye kikabati kulikuwa na chupa ya chai, ile nyekundu ya maua. Nikaichora. Kesho yake nikaichora tena. Siku tisa nilichora chupa ya chai! Ya kwanza imepinda kama imelewa. Siku ya nne niliona kwamba ua moja limebanduka petali mbili. Siku ya sita nesi wa zamu ya usiku akasimama nyuma yangu akasema, "Kifuniko umekikosea, mdogo wangu, ni kipana zaidi." Alikuwa na haki.

Sisemi michoro ile ilimponya mama. Alitibiwa na madaktari akapona. Lakini mimi katika siku zile nilikuwa na dakika 15 ambazo nilijua la kufanya.

Tuliporudi nyumbani mama akalichukua lile daftari akawa anafunua. Akafunua chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanitazama. "Mwanangu, mbona chupa tu? Mimi sikuwepo pale?"

"Ulikuwepo mama. Nilikuwa naogopa kukutazama sana."

Akanyamaza. Akafunga kanga yake vizuri, akavuta kigoda. "Haya. Sasa nimepona. Chora."

Pua ilinishinda. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Hii pua ni ya baba yako, siyo yangu." Ukurasa huo ninao mpaka leo.

Siku utakayoruka

Utaruka. Kuwa na uhakika. Kutakuwa na homa, msiba, mtihani, tumbo la hedhi linalokukunja kitandani, safari ya basi la siku nzima, au utasahau tu, binadamu wewe. Swali ni moja: siku inayofuata utafanya nini?

Hapa sayansi iko upande wako. Watafiti wa chuo kimoja kikuu cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo jipya la kufanya kila siku, kama kunywa maji au kukimbia kidogo, na kulifunga kwenye jambo ambalo tayari analifanya, mfano baada ya kifungua kinywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani jambo lilichukua siku 66 mpaka likawa mazoea yasiyohitaji kujisukuma. Lakini watu walitofautiana sana: kuna wa siku 18, na kuna ambao hesabu ilionyesha wangehitaji hata siku 254. Na hili ndilo tunalotaka ulisikie: kuruka siku moja hakukuharibu mazoea. Waliorudi kesho yake waliendelea kama kawaida.

Kwa hiyo mtu akikuambia "siku 21 tu umezoea," mjibu taratibu kwamba pengine, na pengine sivyo. Na ukiruka, usichore mbili kesho kulipa deni. Deni likifika siku tano utalikimbia, kama nilivyokimbia mimi. Ukurasa uliorukwa andika tarehe, andika neno moja: "homa", "msiba", "nimesahau". Hiyo nayo ni habari ya siku hiyo. Mwaka wangu ule wa pili ulikwisha na kurasa 341 zenye michoro na 24 zenye neno moja moja. Nikizifunua leo, zile 24 nazo zinanisimulia.

Kufunga kazi yako kwenye jambo jingine ni ujanja mzuri sana. Usiseme "nitachora nikipata nafasi". Nafasi haipatikani, hasa kwako dada unayeamka saa kumi na moja kuchota maji na kulala baada ya wote kulala. Sema: baada ya kuosha vyombo vya jioni, kabla sijakausha mikono vizuri. Au baada ya sala ya Isha. Au kwenye daladala ya kurudi, ukipata siti. Kama mikono haina nafasi kabisa, tunga mistari miwili kichwani ukiwa unatwanga, uiandike baadaye. Kama unasuka ukili, badilisha pambo moja kila siku. Kama unapamba maharusi, chora ua moja jipya la hina kwenye karatasi. Atakayekuambia hiyo siyo sanaa mwambie akasuke yeye.

Anayetumia simu ajiwekee sheria ya Livingston: piga moja, iache. Ukipiga 20 ukachagua, utakesha unachagua, na tunataka ulale. Kijana anahitaji usingizi wa saa nane hivi, wengine zaidi. Kuiga saa sita usiku za yule Mjapani hatukushauri. Mwisho wako uwe saa tatu usiku, au saa yoyote inayokuacha na usingizi wako mzima.

Mambo ya kuangalia

Penseli haina madhara, ila rangi zina tabia zake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka picha zake Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na mpaka leo mafundi wengi wanaofuata mtindo wake wanatumia rangi za mafuta. Zinang'aa vizuri, sawa. Lakini mvuke wake, pamoja na mvuke wa thina, petroli au mafuta ya taa ya kuoshea brashi, unaumiza kichwa, unaleta kizunguzungu, na ukiuvuta kwa muda mrefu unadhuru mishipa ya fahamu. Paka nje au mlangoni, usilale chumba kimoja na picha mbichi, weka mbali na jiko na kibatari. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto hasa. Kwa hiyo brashi usichonge ncha kwa mdomo, na nawa mikono kabla ya kula. Mkono ukiuma kwenye kiwiko au kifundo, punguza, chora kitu kidogo.

Jingine ni la moyoni. Ukikaa kila siku na karatasi, ipo siku kitatoka kitu ambacho hukukitegemea. Mtu uliyemzika. Jambo ulilofanyiwa na hukuwahi kumwambia mtu. Mara nyingi kukitoa nje kunasaidia, ila siku hiyohiyo unaweza kujisikia vibaya zaidi kuliko ulipoanza, na hilo watafiti wameliona pia kwa watu wanaoandika juu ya machungu yao. Usishtuke. Funga daftari, toka nje, kaa na mtu. Huna lazima ya kumwonyesha yeyote ukurasa huo, na ukiuchana ni haki yako.

Lakini kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi, hulali au unalala mno, chakula hakipandi, vitu ulivyovipenda havina ladha tena, hapo usiishie kwenye daftari. Nenda kituo cha afya, mweleze muuguzi au daktari kama unavyomweleza habari ya homa. Na kama unafikiria kujidhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini leo hiihii, usingoje kesho. Kama hujafikisha miaka 18, Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya kuwasaidia watoto, kupiga ni bure. Unaweza kulichukua daftari lako uende nalo kituoni ukapenda. Wakati mwingine ni rahisi kumwonyesha mtu ukurasa kuliko kutafuta maneno.

Vifaa na tarehe

Vifaa ni hivi: penseli, wembe au kichongeo, na kaunta buku ya kwaya 4. Kwa nini hiyo? Kwaya moja ni kurasa 96, nne ni kurasa 384. Mwaka mzima umo ndani ya daftari moja, na kurasa 19 zinabaki. Tumia penseli, kwa sababu wino unapenya upande wa pili. Kila ukurasa andika juu tarehe na namba ya siku. Kama kaunta buku ni ghali kwa sasa, nyuma ya karatasi za mtihani wa majaribio kunafaa sana, toboa uzifunge kwa uzi.

Nyumbani watasema. Lazima. "Wewe kila siku na penseli, utakula michoro?" Usibishane. Maliza kazi zako za nyumbani, kisha chukua dakika zako 15. Baada ya mwezi mmoja au miwili atatokea mdogo wako, atasimama pembeni aseme, "Na mimi nichore." Mpe ukurasa mmoja kati ya zile 19.

Limebaki swali la lini. Wengi watasema Januari. Lakini tazama: Winkelmann alianza tarehe 1 Mei, Parks tarehe 13 Novemba, Livingston tarehe 31 Machi, na Kawara tarehe 4 Januari, wakati wenzake wote walikuwa wameshaanza mwaka. Leo ni tarehe ngapi? Iandike juu ya ukurasa wa kwanza, kisha chora kitu kilicho karibu zaidi na mkono wako wa kushoto.